Kunguru Ajua Manati Imekatika

Pembeni mwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kuna mama anayekaanga viazi karai na bajia kuanzia alasiri. Karai iko mbele, sinia iko kulia imefunikwa kawa nusunusu, na kushotoni, kwenye msumari wa mlango, hutundikwa manati. Juma moja nilipita nikaona mpira mmoja wa ile manati umekatika. Nikamuuliza mbona haitengenezi.

"Ya nini, mwanangu? Hawa hawaogopi jiwe. Waogopa kuiona."

Alisema kweli, kwa siku tatu. Siku ya nne kunguru mmoja alitua ukingoni mwa mabati, akaitazama manati, akamtazama mama, akashuka. Hakuviendea viazi. Alisimama juu ya benchi la wateja, akangoja. Hapakutokea kitu. Magharibi ilipokaribia walikuwa wanne juu ya benchi lile, na keshoye sinia ikapungukiwa viazi viwili. Mama akamtafutia mjukuu wake manati nzima, kunguru wakarudi juu ya mabati. Lakini mjukuu akienda chuoni, yaani madrasa, hushuka tena, hata kama manati imeachwa pale pale msumarini. Manati hawaihesabu tena. Wanauhesabu mkono.

Jirani zangu wengi wangekisimulia kisa hiki kuonyesha werevu wa ndege: kunguru mjanja, basi. Mimi nakiona ni kisa cha ukubwa, ule wa cheo. Nani mwenye amri juu ya benchi lile, na amri yenyewe imekaa wapi? Haikuwa ndani ya manati, kwa sababu manati ilikatika na amri ikabaki. Haikuwa kwenye misuli ya mtoto wa miaka kumi. Ilikuwa kichwani mwa kunguru aliyetulia juu ya mabati akitazama, na ilipomtoka kichwani, mama alibaki na kijiti na mpira.

Hoja yangu ndiyo hiyo, na kunguru peke yake hatoshi kuwa shahidi. Kwa hiyo nitamwacha kidogo juu ya mabati yake nitafute mashahidi wengine.

Tuna methali tunayoipenda sana, hasa kila baada ya miaka mitano uchaguzi unapokaribia: fahali wawili hawakai zizi moja. Mtu yeyote aliyewahi kuchunga anajua kwamba wanakaa, tena miaka, mradi suala la nani atangulie lishakwisha. Kinacholeta pembe ni shaka. Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alianza kuwatazama kuku wa kwao angali mtoto, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akachapisha alichokiona: katika kundi kila kuku anajua amdonoe nani na ajiepushe na nani, na utaratibu huo ukishatulia, ugomvi hupungua. Akaona na jambo la ajabu zaidi. Mara nyingine kuku wa kwanza humdonoa wa pili, wa pili humdonoa wa tatu, na wa tatu humdonoa yule yule wa kwanza. Misuli pekee haiwezi kulieleza duara kama hilo. Ukubwa ungekuwa mizani ya uzito tu, duara lisingewezekana. Lipo kwa sababu kila kuku ana historia yake na kila mwenzake: siku waliyokutana mara ya kwanza, nani alikuwa mgonjwa, nani aliona haya kwanza.

Basi ukubwa ni kumbukumbu. Na kumbukumbu, tofauti na misuli, yaweza kupatikana kwa kutazama ugomvi wa wengine.

Hapa nitamwita samaki. Ziwa Tanganyika lina samaki mdogo, jamii ya sikilidi, ambaye dume lake hugombania kipande cha ardhi chini ya maji kama mtu anavyogombania kiwanja kisicho na hati. Mwaka 2007 Logan Grosenick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walimweka dume mmoja mahali ambapo angeweza kutazama, lakini hawezi kuingilia. Wakamwonyesha madume watano wakipigana wawiliwawili: wa kwanza akamshinda wa pili, wa pili akamshinda wa tatu, wa tatu akamshinda wa nne, wa nne akamshinda wa tano. Kisha wakamwekea mtazamaji wa pili upande mmoja na wa nne upande wa pili. Hawa wawili hajawaona wakipigana hata siku moja, na kila mmoja alishamwona akishinda mara na kushindwa mara. Mtazamaji alimkaribia wa nne, yule mnyonge. Alikuwa amepiga hesabu: huyu kashindwa na aliyeshindwa na yule.

Kila mtu aliyekulia kwenye mitaa yetu anamjua samaki huyo. Ni kijana anayekaa mwisho wa baraza, kahawa chungu mkononi, hasemi neno mwezi mzima, lakini siku akifungua mdomo anajua hasa amjibu nani na amnyamazie nani. Hakupigana na mtu. Alisoma ugomvi wa wengine bure.

Sasa fisi, ambaye Waswahili tumemdhulumu. Katika ngano zetu yeye ndiye mlafi aliyesikia harufu ya nyama kwenye njia mbili, akataka zote, akapasuka msamba. Ndiyo maana tukasema njia mbili zilimshinda fisi. Fisi madoa wa kweli ana maisha ya jamii yaliyojaa adabu kuliko ofisi nyingi nilizowahi kuingia. Kay Holekamp amewafuatilia wale wa Masai Mara tangu 1988, koo baada ya koo, mama, binti na mjukuu. Majike ndio wakubwa, madume wageni wako chini kabisa, na mtoto hupata cheo chini tu ya mama yake. Kitoto cha jike la juu, kisichofika hata nusu ya mwili wa fisi mzima, kinaweza kumwondoa mtu mzima kwenye mzoga naye akaondoka masikio yamelala.

Anakipataje cheo hicho? Jibu la haraka ni damu: mama mwenye nguvu kazaa mtoto mwenye nguvu. Lakini kule Serengeti watafiti wamewakuta watoto waliolelewa na majike wasiokuwa mama zao wa kuzaa, na watoto hao walishika cheo cha aliyewalea. Damu haikuwa na neno. Mtoto anapomkabili mwingine, mama hujitokeza. Akimkabili aliye chini ya mama, mama husimama upande wake, na ndugu pia. Akimkabili aliye juu ya mama, hapati msaada, tena hupigwa. Baada ya miezi kadhaa ya masomo hayo mtoto anaijua orodha yote, na, hili ndilo zito, ukoo mzima unajua kwamba anaijua. Mtu mzima anayeachia nyama hakiogopi kile kitoto. Anawaona walio nyuma yake, hata wakiwa hawapo.

Nimekaa sana na habari hii kwa sababu inanikumbusha jinsi majina fulani ya koo yanavyofungua milango mjini kwetu, na mengine yanavyokufanya ungoje kwenye benchi. Nisiendelee, nina jamaa wanaosoma makala haya.

Kuna mtu atasema: sawa, cheo hufunzwa, lakini ubabe wenyewe umo kwenye maumbile, nyani ni nyani tu. Hapo ndipo napenda kisa cha nyani wa Masai Mara aliowatazama Robert Sapolsky. Mmarekani huyo alianza kuja Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 kupima damu za nyani, kuona anayeonewa mwili wake unaumia vipi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kundi lake moja lilipakana na kundi lililokuwa likila kwenye jaa la hoteli ya watalii. Kila asubuhi madume wakorofi wa kundi lake, wale wapenda vita, walivuka kwenda kupigania makombo. Nyama kwenye jaa lile ilikuwa na kifua kikuu. Wakafa, karibu nusu ya madume yote ya kundi. Waliobaki ni majike, watoto, na madume wapole ambao hawakuwa na moyo wa kwenda kugombana mapema hivyo.

Kundi likapoa. Madume yakawa yanapigana na walio sawa nao, bila kuwashushia hasira wanyonge na majike. Wakawa wanatoana chawa zaidi na kukaa karibu zaidi. Hilo peke yake si ajabu, wakorofi si wamekufa. Ajabu ilikuja baadaye. Dume la nyani likibalehe huhama kwao na kwenda kutafuta kundi jingine, hivyo baada ya miaka kama kumi hakubaki hata dume mmoja wa zamani. Madume yote yalikuwa wageni waliokulia kwenye makundi ya kawaida yenye ubabe wa kawaida, na bado kundi lilikuwa pole. Sapolsky na Lisa Share walipochapisha habari hiyo mwaka 2004, mojawapo ya waliyoyaeleza ni kwamba majike wa kundi lile waliwakaribisha wageni mapema, wakawakalia karibu na kuwatoa chawa, wakati makundi mengine humwacha mgeni ateseke kwanza. Mgeni akipokelewa hivyo, hana wa kumfundisha ukorofi.

Ndiyo maana nikisikia vijana kwenye simu zao wakijiita "mwanamume alfa" nacheka kidogo na kuhuzunika kidogo. Neno hilo lilipata nguvu kutokana na mbwa mwitu (wale wa Ulaya, si wa mbuga zetu) waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, ambao Rudolph Schenkel aliwaeleza mwaka 1947. Wanyama wasiojuana wametiwa boma moja, lazima wararuane. David Mech alilieneza wazo hilo katika maandishi yake ya mwaka 1970, na mwaka 1999, baada ya kuwatazama mbwa mwitu wakiwa porini, akaandika kwamba kundi la kawaida ni baba, mama na watoto wao. Yule "alfa" ni mzazi. Anatangulia kwa sababu wengine wote amewazaa. Mwenye neno alilirudisha. Waliolichukua hawajapata habari.

Turudi nyumbani, tupande kaskazini tuvuke daraja la Nyali. Ukiishi Nyali au Bamburi unawajua tumbili. Unajua wanavyokuja wakati mlango wa jikoni uko wazi, wanavyotofautisha askari mlinzi na mtoto aliyeshika ndizi. Watu wa huko husema tumbili hawaheshimu wanawake, na nimesikia wakilisema hilo kwa kujivuna, kana kwamba mnyama kathibitisha jambo. Tumbili hajathibitisha lolote. Ameangalia nani hurusha mawe na nani hupiga yowe tu, akaweka hesabu.

Lakini kwao wenyewe wanamsikiliza nani? Erica van de Waal na wenzake walifanya majaribio na tumbili wa Afrika Kusini. Waliwapa sanduku la matunda lenye milango miwili, na katika makundi fulani aliyelifungua mbele ya wenzake alikuwa jike mkubwa, katika mengine dume kubwa. Waliojifunza vizuri ni wale waliofunguliwa na jike. Dume lina nguvu, kila mtu analipisha njia, lakini dume ni mhamiaji. Jike ndilo lililozaliwa pale na litakalofia pale, linajua mti upi huiva lini. Wanapishana na mmoja, wanasoma kwa mwingine. Nimewahi kuwaza kwamba shule kadhaa nilizosoma ziliendeshwa hivyo hivyo.

Jaribio lao jingine, lililochapishwa mwaka 2013, lilikuwa la mahindi ya rangi mbili, buluu na waridi. Katika kila kundi rangi moja ilitiwa uchungu mpaka tumbili wakaiacha. Baadaye uchungu ukaondolewa, rangi zote zikawa tamu sawa. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuwahi kuonja uchungu, lakini kati ya watoto 27, wote isipokuwa mmoja walikula rangi aliyokula mama na kupita juu ya nyingine. Madume yaliyohamia kutoka kundi la rangi tofauti yakageuza mara moja yakala kama wenyeji. Aliyeng'ang'ania rangi ya kwao alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyefika na kushika ukubwa wa kundi. Kwa hiyo ukubwa kweli una faida yake, nakubali: unakupa ruhusa ya kutojifunza. Sijui kama hiyo ni faida ya kuonea wivu.

Na ukiwa Bamburi huwezi kupita bila kumtaja Owen. Siku moja baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, watu walimnasa kwa nyavu karibu na Malindi mtoto wa kiboko aliyesombwa na Mto Sabaki na kukwama baharini. Akapewa jina la mmoja wa waliomwokoa, akaletwa Haller Park, ile bustani René Haller aliyoanza kuiotesha miti mwaka 1971 kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji. Alikuwa na uzito wa karibu kilo 300, hana mama wala kundi. Ndani ya boma alimkuta Mzee, kobe wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Owen alikimbilia mgongoni kwake. Mzee akafoka, akasogea. Owen akamfuata. Asubuhi wakakutwa wamelala ubavu kwa ubavu.

Dunia ilikipokea kisa hicho kikawa hadithi ya mapenzi, watoto wa nchi za mbali wakaletewa picha zao. Sina ugomvi na mapenzi. Lakini Owen alikuwa anasoma. Kiboko hushinda majini mchana na kutoka usiku kwenda malishoni; Owen akawa anakula majani mchana pamoja na kobe na kulala naye usiku. Walitengeneza mpaka lugha: Owen akitaka Mzee asogee humng'ata polepole mguu wa nyuma, wa kulia au wa kushoto kulingana na upande anaotaka waelekee, na Mzee naye humdona mkia. Hakuna kiboko anayezungumza hivyo na kiboko mwenzake, wala kobe na kobe. Nani alikuwa mkubwa pale? Kwa kilo, Owen, tena zikiongezeka kila mwezi. Kwa mwendo na ratiba, Mzee. Baadaye walinzi walihofia kwamba mchezo wa kiboko aliyekua ungelivunja gamba, wakawatenganisha, na Owen akawekwa na jike aitwaye Cleo akajifunza ukiboko ukubwani.

Sasa kunguru, aliyekuwa ametulia juu ya mabati.

Huyu tunayegombana naye si wa hapa. Kunguru wa asili, mwenye kizibao cheupe, siku hizi ni nadra kumwona kisiwani. Wa shingo ya kijivu, ambaye watu wa pwani humwita kurabu, aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji. Alikuja kwa kazi, kama hamali. Mombasa alionekana mwaka 1947. Kwa umbo ni mdogo kuliko yule wa kizibao, lakini amemwondoa. Anakuja kwa wingi, na mmoja akipiga kelele wote wanajua. Viota vya ndege wadogo anavisafisha mayai na makinda kwa utulivu wa mtu aliyelipia.

Uwezo wa jamii ya kunguru kupeana habari ulipimwa vizuri Seattle, Marekani. Kunguru wa kule ni aina nyingine, nalikiri hilo, ila ni ukoo mmoja na hawa wetu. Mwaka 2006 John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walivaa vinyago vya sura ya mtu wa kale wa mapangoni, wakawanasa kunguru saba, wakawatia pete miguuni, wakawaachilia. Tangu hapo mtu akipita chuoni na kinyago kile, bila kumgusa ndege, huzomewa. Akipita na kinyago cha Dick Cheney, makamu wa rais wa wakati ule, hakuna anayeshughulika (Wamarekani, nadhani, walicheka zaidi yangu). Miaka ilivyopita wazomeaji waliongezeka. Siku moja Marzluff alivaa kinyago akakutana na kunguru 53, na 47 wakamzomea. Walionaswa, nakumbusha, walikuwa saba. Waliobaki hawakutendwa lolote, wengine hawakuwa wamezaliwa.

Wazee walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Waliacha kusema kwamba hukimbiza na ubawa wa jirani, na wa mtoto wa jirani. Ndiyo maana mawe, mitego na mizoga inayoning'inizwa kwenye vijiti ufukweni hufanya kazi siku chache. Ukimpiga kunguru mmoja mbele ya wenzake ishirini umefungua darasa la wanafunzi ishirini, na somo lenyewe si "tuhame Mombasa." Somo ni "yule mwanamume wa kofia nyekundu, saa kumi."

Panya kwa jambo hili ni kinyume chake. Bennett Galef, aliyewachunguza kwa miaka mingi huko Kanada, alionyesha kwamba panya hunusa pumzi ya mwenzake, na chakula anachokinusa hapo atakitafuta baadaye. Galef aliwakutanisha pia na wenzao waliokuwa wagonjwa baada ya kula chakula fulani, akidhani watakiogopa. Hawakukiogopa, walikitamani vile vile. Panya huambukizana hamu. Kunguru huambukizana hofu. Kwa mwenye duka la nafaka hapo Marikiti, tofauti hiyo ina thamani ya pesa.

Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, lilitangaza nia ya kuwapunguza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo, kwa sumu iitwayo Starlicide. Mwaka ulikwisha, na kunguru wangali nasi. Lakini angalia sumu yenyewe inavyofanya kazi, maana aliyeichagua alimwelewa mnyama. Haiui papo hapo. Ndege hula, huruka, na hufa saa nyingi baadaye, mara nyingi mbali na chakula. Wenzake hawaoni kifo na nyama pamoja. Hakuna mkono, hakuna kinyago, hakuna mwanamume wa kofia nyekundu. Baada ya mawe yote tuliyorusha tangu 1947, silaha inayotegemewa ni ile isiyofundisha.

Naiunga mkono, kwa kinyongo. Naiunga mkono kwa ajili ya ndege wadogo ambao viota vyao siwezi kuvilinda. Kinyongo changu kiko mwanzoni mwa kazi, kwenye hatua ambayo haitajwi sana: kabla ya sumu, wanaoitega huwawekea kunguru nyama safi kwa siku kadhaa mahali pamoja, saa ile ile, mpaka wazoee. Yaani tunawafundisha kwanza kutuamini. Na tunafanya hivyo katika mji ambao tayari unawafundisha jambo hilo kila siku bila kukusudia, kila pembe yenye taka zisizozolewa tangu juzi, kila nyuma ya buchari, njia nzima mpaka jaa la Mwakirunge. Kunguru atakayenusurika na sumu hatapungukiwa chakula. Ataachiwa nafasi, na vifaranga wake wengi zaidi wataishi.

Nilimweleza mama wa viazi karai habari hiyo ya nyama ya siku kadhaa, jioni moja, huku mjukuu akiwa chuoni na manati ikiwa msumarini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza bajia.

"Nao hiyo nyama wataiweka wapi?"

Nikamwambia popote wanapokusanyika kunguru wengi.

Akatazama juu ya mabati, akawahesabu kwa mwiko. Walikuwa sita.

"Basi waambie," akasema, "wasiweke hapa kwangu."